Skrubu Ishirini na Tatu

Ottavio na shemeji yake wamekiingiza kwa ubavu,
kilo ishirini na nne, vibonye themanini na vinane,
wakakilaza mezani pangu
kama mgonjwa asiyejua kwamba anaumwa.
Nje, ukungu wa Novemba umeimeza Castelfidardo
hadi ngazi za kanisa.
Msimu wa harusi umekwisha;
ndipo wapiga kinanda hupata nafasi ya kutia shaka.

"Nives," ananong'ona, kama anayemsengenya mkewe,
"nimeambiwa kilichomo ndani.
Prosesa ya ukoo mmoja na mashine ya kuhesabia fedha
pale kwa Gualtiero, muuza jibini.
Nililipa bei ya gari, Nives.
Gari!"

Sijibu. Nageuza bisibisi.
Skrubu ishirini na tatu,
nazipanga kwenye kisahani cha kahawa
kwa zamu zilivyotoka.

Kifuniko kinanyanyuka.
Harufu ya vumbi lililookwa,
moshi wa sigara wa kumbi zilizokwisha kufungwa,
na chini ya do ya tatu, punje nne za mchele
waliorushiwa maharusi, sijui wa mwaka gani,
bado nyeupe.

Haya, tazama mwenyewe.
Ndiyo, ni bodi ya kompyuta ya ofisini,
ya enzi binti yako hajang'oa meno ya utoto.
Kumbukumbu yake, simu ya shemeji yako ingeicheka.
Feni inakohoa.
Yote uliyoambiwa ni kweli
na bado hujaambiwa kitu.

Kompyuta ya ofisini ina mabwana mia,
kila mmoja anagonga meza, anataka chake.
Hii ina bwana mmoja: kidole chako.
Hukaa macho ikikingoja kishuke,
na kikishuka hujibu
kabla hujawahi kujuta.
Aliyeiandikia hesabu zake
alikijua kina cha chungu, akapima maji na moto wa chungu hicho.
Wali haukuungua siku ile.
Kwa nini uungue leo, eti
kwa sababu dukani kuna sufuria kubwa?

Washa.
Tunangoja. Dakika mbili na sekunde arobaini,
shemeji anatazama saa, Ottavio anatazama viatu.
Kisha anagusa, kwa mkono wa kushoto tu,
filimbi, nyuzi, kodiani ya babu yake
aliyoinasa sauti jikoni, kitambo,
na chumba kinajaa
bila kuuliza umri wa mtu.

Lakini sitakudanganya, Ottavio.
Sikiliza huku, weka sikio:
tik, tik.
Hiyo ni diski, inabisha mlango wa kutokea.
Skrini hii niliitoa kwenye kinanda kilichofia Pescara.
Nikimaliza viwili nilivyonavyo stoo
sina pa kuchuma tena;
kiwanda hakitengenezi, na wa kiwandani
hawapokei simu zangu siku hizi.
Sauti haizeeki. Vipuri ndivyo vinavyozeeka,
na mimi pia, macho yangu
hayaioni tena solda bila taa mbili.

"Kwa hiyo uzee wake una neno au hauna?"
Anataka neno moja, apande nalo gari.

Jukwaani, hauna.
Mezani kwangu, unao.
Kipya kinyemi, walisema, ingawa kidonda;
ukikinunua, nacho utakileta hapa,
nikiwapo.

Nimenakili diski. Nimebadilisha betri,
nimeipangusa feni kwa brashi ya rangi ya midomo.
Ottavio ameziokota punje za mchele, moja moja,
akazitia kwenye mfuko wa shati asiseme kitu.

Nimerudisha skrubu ishirini na mbili.
Ya ishirini na tatu imebaki kisahanini,
sikuliona shimo lake.
Kinanda, mpaka sasa, hakijaiulizia.